Nyumba ya Baba Niliipaka Rangi Mimi, Lakini Mama Alinikana Mbele ya Wazee

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa binti mmoja, na ninaishi Murera kwa chumba cha kupanga. Nimenyamaza na jambo hili mpaka likaanza kuniuma kifuani. Leo naomba mnisikilize.

Niliolewa Ruiru nikiwa bado msichana. Ndoa ilinishinda... Mwanamume alikuwa akinipiga mbele ya mtoto. Siku aliyonivunja jino, nilimfunga binti yangu Wambui mgongoni nikarudi kwa wazazi wangu Kamenu, Thika.

Baba hakuniuliza swali hata moja. Alinifungulia geti, akasema, "Njeri, ingia ndani, kuna baridi."

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, na paa la mabati. Baba aliijenga polepole miaka aliyokuwa akifanya kazi kiwandani. Lakini niliporudi ilikuwa imechoka! Rangi ilikuwa imebabuka, mabati yamejaa kutu, na matope mekundu yalikuwa yamerukia kuta mpaka kwenye madirisha. Baba alikuwa amestaafu na magoti yalimsumbua. Hangeweza kupanda ngazi.

Kaka yangu Kamau, kifungua mimba wa nyumba yetu, alikuwa na kazi nzuri na nyumba yake Ruiru. Alikuja Krismasi, akala, akasema nyumba ya wazee inatia aibu, akaingia kwa gari akaenda zake.

Mimi nilipata kazi Makongeni, kwa duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nauza misumari, mabati na rangi. Mafundi waliokuja kununua ndio walionifundisha, na mwenye duka alikuwa akiniachia mikebe ya rangi iliyobonyea ambayo wateja walikataa.

Basi nikaanza...

Januari na Februari, jua likiwaka, nilikwangua rangi kuukuu na kupaka mpya. Mvua ya Machi ikikuta ukuta uko uchi, maji yanaingia mpaka ndani ya plasta. Mvua yenyewe ikianza, kazi yangu ilikuwa kupanda kwenye paa kutoa majani kwenye gata, ile mifereji ya ukingo wa paa, maji yasifurike yakateremkia ukutani. Julai, ile baridi ya manyunyu yasiyoisha, ukuta wa nyuma usiopata jua ulikuwa ukiota kuvu ya kijani. Niliusugua kwa brashi na maji ya sabuni mpaka vidole vikafa ganzi. Jua likirudi Septemba, nilirudia mahali palipobabuka kabla mvua fupi haijafika.

Nilifanya hivyo mwaka baada ya mwaka! Jumapili tukitoka kanisani, wanawake wenzangu wakienda kutembeleana, mimi nilikuwa juu ya ngazi na kitambaa kichwani. Majirani wakipita walimwambia Mama, "Mama Kamau, kwako kunang'aa!" Mama alicheka kwa furaha.

Na mimi je? Nilikuwa na furaha kumshinda! Nilidhani hatimaye nimepata kwangu.

Halafu Baba akaanza kuugua. Mchana alipenda kuketi nje, amejifunika blanketi, akiniangalia nikisugua kuta. Siku moja Mama alikuwa amekaa kando yake akichambua maharagwe. Baba akaniita kwa sauti ndogo.

"Njeri, Kamau nilimsomesha na ako na nyumba yake. Hii ni yako na Wambui. Mama yako akae hapa mpaka mwisho wake, lakini ni yako."

Nilishuka kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Mama alimtazama Baba kidogo, kisha akaendelea na maharagwe yake.

Nilimsihi Baba awaite ndugu zake awaambie mwenyewe. Alisema tungoje baridi iishe, apate nguvu kwanza.

Baba hakuiona Septemba...

Tulimzika kwenye makaburi ya umma ya Thika. Machozi hayajakauka, Kamau akaitisha mkutano wa familia. Tuliketi sebuleni, na baba mdogo wetu, ndugu ya Baba, ndiye aliyeongoza. Kamau alisema Mama ataenda kuishi naye Ruiru asaidie kulea wajukuu. Nyumba ya Kamenu itapangishwa. Na Njeri? Njeri atafute mahali.

Nilisimama. Nikawaeleza maneno ya Baba, yote, kama alivyoyasema.

Kamau alicheka! "Baba akuachie wewe boma? Uliolewa ukarudi, kesho utaolewa tena uende. Ati kwa sababu umepaka rangi? Si ulikuwa unakaa hapa bure!"

Baba mdogo alimnyamazisha. Akamgeukia Mama, akamuuliza taratibu, "Wewe ulikuwako. Ulimsikia mzee akisema hivyo?"

Nilimwangalia Mama. Sikuwa na wasiwasi wowote. Ningekuwa na wasiwasi wa nini? Ni mama yangu! Ni yeye niliyekuwa nikimpikia uji, nikimsuka nywele, nikimpeleka kliniki...

Mama aliangalia mikono yake. Akasema, "Mimi sikusikia."

Ngai, Mungu wangu! Wazee walifunga mkutano kwa maombi. Walinywa chai yangu, wakaenda.

Nilimfuata Mama jikoni. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu, "Mama, kwa nini?"

Alikuwa akiosha vikombe. Hakugeuka. "Kamau ndiye mwanamume wa hii nyumba. Nikifa, ni nani atanizika? Ni wewe?"

Nikafunga vitu vyangu. Wambui alikuwa akiniuliza tunaenda wapi, na kwa nini cucu, nyanya yake, haji na sisi. Tulihamia Murera, chumba kimoja cha mabati katikati ya mashamba. Kwa muda mrefu sikupita Kamenu. Hata nikitumwa na mwajiri wangu upande ule, nilizunguka.

Habari zilinifikia vipande vipande. Mama na mke wa Kamau hawakuelewana kule Ruiru. Ugomvi ulikuwa wa kila siku, mara chumvi, mara watoto. Mwishowe Kamau akamrudisha Mama Kamenu. Lakini nyumba ilikuwa na wapangaji, na kodi yao aliitaka. Kwa hivyo alimweka kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya Baba.

Mama yangu, stoo! Katika boma lake mwenyewe!

Julai ya mwaka aliorudishwa, jirani alinipigia simu. Akasema, "Njeri, najua mlikosana. Lakini mama yako anakohoa vibaya. Kuja."

Nilikasirika, siwafichi. Nilijiambia aite huyo mwanamume wake. Lakini asubuhi nilijikuta niko kwenye geti la Kamenu.

Wapendwa, nyumba ile sikuitambua. Gata zilikuwa zimeng'oka na kuning'inia. Maji ya paa yalikuwa yakiteremka moja kwa moja ukutani. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa kijani kutoka chini mpaka dirishani, plasta imefura na kuanguka. Ndani ya stoo, Mama alikuwa amelala kitanda kikiwa kimesukumwa kwa ule ukuta. Nilishika blanketi lake, upande wa ukutani ulikuwa umelowa...

Nilimpeleka hospitali, akapewa dawa, nikaenda naye Murera. Nilimpa kitanda changu. Kamau nilimpigia, akasema yuko na shughuli nyingi, atakuja wikendi. Hakuja.

Asubuhi moja nikimlisha uji, Mama alinishika mkono. "Njeri, nilisikia. Nilisikia kila neno ambalo baba yako alisema. Niliogopa. Nisamehe."

Nililia, naye akalia. Nikamwambia, "Mama, mwambie baba mdogo hivyo. Nimpigie saa hii?"

Alifunga macho. "Wacha nipate nguvu kwanza."

Maneno yale yale ya Baba! Kifua kikamzidi, tukarudi hospitali. Hapo ndipo alipoiaga dunia.

Sasa sikilizeni ya mazishi. Kamau alileta mafundi haraka wapake nyumba rangi, kwa sababu wageni wa heshima walikuwa wanakuja. Walipaka upande wa mbele tu, juu ya unyevu, kwa baridi ile. Siku ya mazishi iling'aa. Mchungaji alisimama akamsifu Kamau mbele ya waombolezaji wote, mwana aliyetunza boma la wazazi wake! Watu wakapiga makofi. Kamau akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya hema na Wambui. Baba mdogo nilikuwa nimeshamweleza yale Mama aliyokiri. Alitikisa kichwa akasema maneno ya marehemu hayana shahidi, tuache familia ipumzike.

Baadaye Kamau aliuza. Aliyenunua alibomoa kila kitu akaweka gorofa za kupangisha. Mawe ya Baba yalibebwa na lori.

Dada zangu mliorudi kwa wazazi, nawasihi kwa machozi. Tunzeni nyumba ya wazazi, ni vizuri. Lakini mzee akikuahidi kitu, usishuke kwenye ngazi kulia tu kama nilivyofanya mimi. Waite wazee siku hiyo hiyo, aseme mbele yao akiwa bado na sauti, na iandikwe. Usingoje baridi iishe.

Na nyinyi wazazi... kama kuna binti anayekutunza, usimnong'oneze upendo kisha umkane mchana. Unaogopa nani atakuzika? Angalia ni nani anayekulisha uji.

Mama nimemsamehe, na huwa namwambia hivyo nikienda makaburini kupalilia kaburi lake kando ya la Baba. Kamau bado. Mniombee.