Udongo Aliokanyaga Kitinda

Jirani yetu mfyatua matofali alikuwa mwanamke wa shoka, na asubuhi ile alikuwa akimtania bintiye kama kawaida. "Kitinda, kanyaga vizuri! Hapo si kitandani!" Mtoto akacheka, miguu mitupu ikizama kwenye udongo mbichi wa shimo la matofali. Nyuma ya shimo hilo ndiko vibarua walikojisaidia wakibanwa, na mvua ikinyesha ilirudisha kila kitu shimoni. Nani alijali? Udongo ni udongo.

Kitinda akaanza kujikuna nyayo. Kisha akapauka, akawa anahema kwa kuvuka kizingiti tu. Mama akimfunua kope, haoni wekundu. Na huyo ndiye aliyebakia naye tangu baba mtu afariki. Angefanya lolote asimpoteze.

Akaenda kwa mganga.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mganga akanong'ona. "Kuna mtu wa nyumbani anamnyonya damu. Amempa kitu cha kuvaa. Kichome. Kisha mtoto akanyage udongo mbichi kila alfajiri, ardhi imtoe uchawi."

Kitu cha kuvaa! Kandambili! Mama mkwe aliyeishi nao ndiye aliyezinunua, kutwa kumfuata mtoto nyuma: "Mjukuu wangu, vaa viatu."

"Kumbe ni wewe!" mama akafoka alipofika nyumbani. "Umemla mwanao, sasa unamtaka na mjukuu?"

Maskini bibi wa watu. Alifunga nguo zake akaondoka analia. Kandambili zikatupwa tanuruni, na Kitinda akarudishwa shimoni pekupeku. Jamani, ujinga mwingine unauma hata kuusimulia.

Mtoto akavimba uso. Siku alipoanguka, mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi akamtazama macho, akamtazama nyayo.

"Huwa anavaa viatu?"

Mama akazifunika nyayo za mtoto kwa kanga.

"Ni safura, mama. Ni minyoo. Inatokana na kinyesi, inakaa kwenye udongo wenye unyevu, inapenya kwenye nyayo mpaka tumboni, inanyonya damu. Dawa ipo. Lakini damu imemwishia huyu. Ungemleta mapema..."

"Bibi yake alimvalisha viatu," mama akanong'ona. "Nikavichoma."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Kabla damu ya kumwongezea haijapatikana, Kitinda alisema, "Mama, nyayo zinaniwasha." Hakusema tena.

Walipokuwa wakimzika, tanuru lilikuwa linawaka, limejaa matofali ya udongo aliokanyaga, limezibwa pande zote. Lilipopoa, mama akalifungua mwenyewe. Akatoa tofali la juu. Lina unyayo mdogo. La pili, unyayo. Akachimbua mpaka chini kabisa, mahali pasipofikika hata na panya. Unyayo. Akaugusa.

Ulikuwa na unyevu.

Akakimbia nyumba kwa nyumba kuita majirani. Tulipofika, vibarua walikuwa wameshapakia matofali yote kwenye lori la mnunuzi. Mama akalishika lori, analia, anaomba yashushwe, kwamba yana alama za nyayo za mwanawe.

"Alama gani, mama?" kibarua mmoja akamjibu kwa upole. "Pole na msiba. Tofali ni tofali."

Sisi wenyewe tulimshika mikono. Tulidhani ni uchungu wa mwana.

Kwa matofali hayo nyumba ya mnunuzi ikajengwa, nzuri, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Mvua zilipoanza, mke wa mnunuzi akaja kwa mfyatua matofali, amempakata mtoto mchanga, hata kutambaa hajui.

"Dada, samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mama, hebu nitazamie huyu. Hanyonyi. Analia tu. Na sijawahi kumshusha chini hata siku moja."

Mama Kitinda akamfunua kope, akatazama ndani. Nyeupe pe.

Taratibu akamvua soksi, zilikuwa safi, kavu, za sufu.

Nyayo za mtoto zilikuwa zimejaa udongo mbichi.