Kahawa ya Katania

"Mtu anakwenda Sisilia halafu anarudi mikono mitupu?" Shangazi Karmni aliuliza huku akivuta kiti. "Tangu nizaliwe sijaona."

Marvic aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata zamani.

Karmni ni shangazi wa mumewe, na pale Nadur, kisiwani Gozo, habari haijawa habari mpaka ipite kinywani mwake. Leo alikuja na ya moto. Rita muuza mikate alimwona Marvic kwenye boti itokayo Katania, mji wa Sisilia, wiki sita zilizopita, kajikunyata kwenye kona, hana hata mfuko. Wiki ileile familia nzima iliambiwa kwamba mimba imetoka yenyewe, Marvic akiwa kwa dada yake Doris kule Msida, kisiwa kikubwa.

"Mimi sisemi kitu," Karmni akasema. "Ila polisi siku hizi ukiwapigia, hata jina hawakuulizi."

Rita hakusema uongo. Daktari alikuwa amemwonyesha kwenye kioo cha mashine ya picha: fuvu la mtoto halikuumbika, akizaliwa hatamaliza hata siku. "Lakini moyo unadunda," daktari alisema bila kumtazama usoni, "na maisha yako wewe hayako hatarini. Sheria yetu inataka tusubiri." Asubiri miezi mitano, huku watu dukani wakimshika tumbo na kumpongeza. Hakuweza. Alivuka peke yake hadi Katania, akafanya kile ambacho nyumbani kingempeleka jela, akamtumia mumewe ujumbe: "Nimempoteza. Niko kwa Doris. Usije."

Alimficha mumewe, Nenu, ukweli kwa sababu moja. Mwaka ule serikali ilipotaka kuilegeza sheria, meza iliwekwa mlangoni pa kanisa, na Nenu akatia sahihi ya kupinga, mkewe kasimama ubavuni.

Sasa Nenu, baharia wa feri, alikuwa mezani anaambua maharage. Akayasukuma kando.

"Mimba ilipotoka, mimi ndiye niliyemwambia avuke akapumzishe akili," alisema. "Na mizigo ilikaa chini botini, niliipokea mimi bandarini. Rita angeionaje?"

"Haya, iko wapi hiyo mizigo?"

Marvic alifumba macho. Basi tena, yamekwisha.

Akasikia kabati la juu likifunguliwa. Nyuma ya unga Nenu alitoa kopo la kahawa ambalo Marvic hakuwahi kuliona, lina karatasi ya duka la Katania. Akalifungua, akachemsha, akammiminia shangazi yake. Karmni alivaa miwani, akaisoma ile karatasi juu mpaka chini. Alikunywa vikombe viwili kimyakimya, akaomba kahawa iliyobaki, akapewa, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, Marvic aliuliza, "Ile kahawa umeitoa wapi?"

"Kwa Leli."

Leli ni baharia wa boti ya Sisilia, walisoma darasa moja na Nenu.

"Alinipigia simu siku ileile mkiwa baharini. Akasema mkeo yuko kwenye kona, analia, ana maumivu. Nikamwambia mfunike koti lako, na ukirudi Katania ninunulie kitu chochote, mradi kina jina la huko. Nilijua ipo siku watauliza."

"Wiki sita zote unajua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

"Ningekwambiaje, Nenu? Ulitia sahihi."

"Nilitia. Nilikuwa nafikiria wanawake wengine."

"Wanawake gani? Ndio mimi."

Nenu alianza kukusanya maganda ya maharage mezani.

"Ungeniambia, ningekasirika," alisema mwishowe. "Pengine tungegombana hadi asubuhi. Lakini ningekuja na wewe."

"Sikuwa na hakika."

"Najua. Ndilo linaloniuma kuliko yote." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Nenu, mbeba sanamu ya mtakatifu kwenye maandamano ya kanisa kila mwaka bila kutetereka, aliketi chini sakafuni na kulia. Marvic akaketi karibu naye. Tangu siku ile botini alikuwa hajalia mbele ya mtu; sasa alilia.

Alhamisi iliyofuata Marvic alitakiwa kurudi kwa daktari wa Katania amwangalie. Nenu aliomba ruhusa kazini, wakavuka wote. Daktari akasema yuko salama, na wakitaka mtoto mwingine hakuna kizuizi. Wakapita sokoni, wakanunua jibini, kitambaa cha meza, na makopo matatu ya kahawa, moja la Shangazi Karmni ili mdomo wake uwe na kazi.

Wakati wa kurudi boti ilijaa, na Rita alikuwemo. Aliitazama mifuko yao, akawasalimia vizuri sana.

"Siku ile ulikaa wapi?" Nenu aliuliza.

Marvic akamwonyesha kiti cha kona. Nenu akaenda kukikalia, akamwita mkewe aje akae naye, na hawakuondoka pale mpaka boti ikafika bandarini.