Msumeno wa Nyumbani

Jua lilikuwa linazama Mwenyewe alipotoka kwenda kununua skrubu.

Mtaa mzima ulimwita Mwenyewe. Alikuwa fundi saa, na hakuna siku aliyokubali kumlipa fundi mwingine. Bomba likivuja, atalikaza mwenyewe. Nywele zikirefuka, atazinyoa mwenyewe, na kichwa chake kilikuwa shahidi. Safari hii ilikuwa zamu ya kitanda. Binti yake alikuwa amekua hata miguu inachungulia nje ya kitanda cha utoto, na seremala waliyempa kazi alikuwa na jibu moja tu: kesho. Mwenyewe akachoka na kesho. Akanunua mbao, akazilaza stoo, akasema kitanda ni mbao na skrubu tu, si kwenda mwezini.

Alipofika mtaa wa vifaa, milango ya bati ilikuwa inashushwa. Akapata skrubu zake kwenye duka la mwisho. Alipogeuka kurudi, akamwona mwanamke mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale barabara inapokomea ukutani. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya shuka, hautoki. Mbele yake kulikuwa na meza ndogo ya bati, na katikati ya meza, duara la chuma lenye meno limechomoza nusu.

Msumeno wa meza.

Mwenyewe akaukagua. Miguu myembamba. Kizuizi cha pembeni, kile cha kunyoosha ubao, kilicheza kama jino la mtoto. Kifuniko cha meno hakikuwepo. Akauliza bei, na bei ikawa ndogo mno, akadhani amesikia vibaya.

Akili ilimwambia: wewe unakata mbao mara ngapi kwa mwaka? Lakini mkono ulikuwa umeshalishika lile bati. Lilikuwa na uvuguvugu.

"Unataka wa kiwandani," mwanamke aliuliza kwa sauti ya chini, "au wa nyumbani?"

"Wa nyumbani tu, mama. Wa mara mojamoja."

"Rudia."

"Wa nyumbani tu. Wa mara mojamoja."

Mwanamke akainama mpaka midomo yake ikakaribia yale meno. Akanong'ona kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Umesikia. Wa nyumbani tu. Wa mara mojamoja."

Duara likasogea kidogo... likatulia.

Upepo haukuwepo.

Mwenyewe alicheka. Mwanamke hakucheka.

*

Nyumbani alipokelewa na maneno, kama alivyotarajia. Mkewe alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, akautazama msumeno, kisha akamtazama yeye.

"Kitanda kimoja," alisema. "Kwa kitanda kimoja umeniletea kiwanda."

"Utatufaa na mambo mengine. Rafu. Viti."

"Rafu tunazo. Na viti tulivyonavyo vinakalika. Ulitumwa skrubu."

Kutoka kwenye kochi la sebuleni ikaja sauti ya shemeji, kaka wa mke, aliyekuja kwa wiki moja na mvua mbili zikapita bado yupo. "Dada, muache. Huo si msumeno, hicho ni kikaango chenye meno. Labda tutakaangia mayai."

"Wewe nyamaza."

"Nanyamazaje, shemeji, na usingizi wangu uko hapa? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mmenipa kochi bovu, na sasa kelele."

Mwenyewe akageuka. Alikuwa amemchoka mtu huyu: soksi zake, kikohozi chake cha asubuhi, na jinsi alivyokuwa mwepesi wa kumaliza sukari. "Umesema vizuri. Wewe ni mgeni. Mambo ya nyumbani waachie wa nyumbani."

Shemeji alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. Neno lile alikuwa ameambiwa mara nyingi chini ya paa lile, na lilikuwa halijazoeleka.

Binti yao alikuwa ameshaingia stoo kuchungulia. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukutulia. "Baba, kinaitwaje? Baba, meno yake mangapi? Baba, kinalala?"

"Usikiguse," alisema Mwenyewe.

*

Siku iliyofuata alichomeka waya na kubonyeza swichi. Msumeno ukanguruma. Ulikuwa na sauti ya ajabu, si mlio mmoja kama mashine nyingine. Ulikatikakatika.

Waa... waa... waa...

Alisukuma ubao. Mwanzo ulikata vizuri, unga wa mbao ukaruka. Halafu ubao ukavutwa. Hakuwa ameusukuma tena. Ulikuwa unavutwa, na mkono wake nao ukafuata, mpaka ukingo wa shati ukaingia kwenye meno. Akajitupa nyuma. Shati likachanika hadi kwenye kiwiko. Stoo ikajaa harufu ya kucha iliyoungua.

Shemeji alikuwa mlangoni anatafuna kijiti cha meno. "Kikaango kina njaa," alisema. "Hebu nipishe."

Akakata. Na mikononi mwake msumeno ulikuwa kile kilichoonekana: kitu cha bei rahisi. Ulisita kwenye fundo la ubao, ukapinda mstari, ukatoa harufu ya mota inayoungua. Vidole vyake vilipita karibu na meno, Mwenyewe akafumba macho, na hakuna kilichotokea.

Basi tangu hapo ikawa hivyo. Jioni shemeji anakata, akitukana mashine na aliyeinunua, na Mwenyewe anapiga randa upande wa pili wa ua. Kila mmoja alimchukia mwenzake kimyakimya, na kitanda kikaendelea.

Kisha paka wao akapotea.

Mwenyewe alisikia mlio mfupi tu kutoka stoo, wakati wa magharibi, watu wote wakiwa jikoni. Waa. Halafu kimya. Alipofungua mlango, duara lilikuwa linamalizia kuzunguka, polepole... polepole... Damu haikuwepo. Kwenye ule mpenyo wa bati, pale duara linapochomoza, kulikuwa na manyoya machache ya rangi ya majivu.

Akanyoosha mkono achomoe waya.

Waya ulikuwa umeviringwa, umening'inizwa msumarini.

Akasimama pale gizani, na maneno ya yule mwanamke yakamrudia. Wa nyumbani tu. Lugha yetu ni nzuri, lakini ina mitego yake midogo. Tunasema msumeno wa nyumbani. Tunasema pia mtu wa nyumbani, na watu wa nyumbani. Hiyo "wa" ni moja. Mwenyewe alidhani ameulizwa ni msumeno wa aina gani. Kumbe aliulizwa msumeno utamla nani.

Paka alikuwa wa nyumbani.

*

Asubuhi aliubeba kwenye mkokoteni hadi mtaa wa vifaa. Pale ukutani hapakuwa na mwanamke wala ndoo. Mlinzi wa duka la mwisho alimsikiliza, akauangalia msumeno, akarudi nyuma hatua.

"Mwenye mkono mmoja chini ya shuka?"

"Huyohuyo. Anakaa wapi?"

"Sijui anakaa wapi. Najua hapokei marejesho." Mlinzi alitema mate pembeni. "Ondoa kitu chako hapa, mzee. Nina watoto."

Aliutupa jalalani, chini ya magodoro yaliyooza. Alipofika nyumbani, mlango wa stoo ulikuwa wazi, na msumeno ulikuwa mahali pake. Bati lilikuwa la moto kama paji la uso la mgonjwa.

Mkewe alimkuta amekaa chini uani, vipande vya mbao vimemzunguka. "Si ulisema unaurudisha?"

"Hawapokei."

"Nilikwambia. Rahisi ni ghali."

Alitaka kumweleza. Akaanza, "Mama Chiriku, ule msumeno..." Mkewe akamkata. "Sitaki kuusikia ule msumeno. Kila siku msumeno. Ungekuwa umemlipa seremala tungekuwa tumelala."

Akafunga stoo kwa kufuli, ufunguo akauweka mfukoni.

Jioni ile nyumba ikawa kimya, na ilimchukua muda kujua ni kimya cha nini. Hakusikia maswali.

"Chiriku?"

Kufuli lilikuwa limening'inia, limefunguka.

Mtoto alikuwa amesimama mbele ya meza ya bati, mikono yake midogo imelala juu yake. Duara lilikuwa linazunguka taratibu, meno yanahesabika. Waya ulikuwa bado msumarini.

Waa... waa...

"Baba," Chiriku alinong'ona bila kugeuka. "Kinaniuliza."

"Kinauliza nini?"

"Kinasema, wa? Wa? Nikakiambia, wa nyumbani." Akasogeza kidole. "Kimefurahi."

Mwenyewe alimnyakua kiunoni. Meno yakaongeza kasi, meza nzima ikatetemeka, ikasogea. Ikasogea kuwafuata, miguu yake myembamba ikikwaruza sakafu, hadi kizingitini.

Hapo ikasimama.

Alimbeba mtoto hadi chumbani, akamfunika shuka ingawa kulikuwa na joto. Akajua kufuli halitasaidia. Akajua pia jambo la pili, na hilo lilimjia taratibu, kwa sauti ya kistaarabu kabisa, kama wazo la mtu mwingine. Wa mara mojamoja. Kikimla mmoja kitatulia. Pengine kwa muda mrefu.

Ila lazima awe wa nyumbani.

*

Chakula cha usiku Mwenyewe alimpakulia shemeji kwa mkono wake. Shemeji akaitazama sahani kwa mashaka.

"Leo kuna nini? Umeniwekea sumu?"

"Nimekuwa nikikukosea," alisema Mwenyewe. "Kitanda cha mtoto umekikata wewe. Nilikuita mgeni. Wewe si mgeni hapa, shemeji. Wewe ni wa nyumbani."

Chiriku aliacha kutafuna.

Shemeji akashusha kijiko. Alikuwa mtu wa mzaha, na walingoja mzaha. Haukuja. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akacheka kidogo kwa aibu.

"Unajua, mimi sina pa kwenda," alisema. "Nilikuwa naongea sana ili msilione hilo. Asante, ndugu yangu."

Mke akamtazama mumewe kama mtu aliyeokota pesa njiani. "Hilo neno," alisema polepole, "limechelewa. Lakini limekuja."

Mwenyewe akala. Alikula mpaka akamaliza.

Kesho yake, alasiri, shemeji alisema anamalizia ubao wa kichwani, ili mtoto alale kitandani kwake leo. Alikuwa anapiga mluzi. Alipopita alimgonga Mwenyewe begani, kama ndugu.

"Shemeji," Mwenyewe aliita.

"Naam?"

Chiriku alikuwa amekaa kwenye ngazi, anachora chini kwa kijiti.

"Hakuna kitu," alisema Mwenyewe. "Endelea."

Mlango wa stoo ukafungwa. Mluzi ukaendelea. Halafu msumeno ukaanza, na haukukatikakatika tena. Ulitoa sauti moja ndefu, laini, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya njaa ya siku nyingi.

Mluzi ukakatika.

*

Watu walisema mengi, na yote yalikuwa na akili. Ubao ulirudishwa na msumeno ukampiga kooni, hutokea. Kizuizi kilikuwa kibovu. Kifuniko hakikuwepo. Daktari alisema hivyo, polisi wakaandika hivyo, na seremala wa kesho, aliyekuja kutoa pole, alitikisa kichwa juu ya miguu ile ya bati. "Kwa kazi ya mara mojamoja watu wanadhani chochote kitafaa," alisema. "Hapo ndipo kinapoua. Mkono haujazoea, na kitu chenyewe cha bei rahisi."

Msumeno ulikuwa umepoa. Hata kutu ilianza kuonekana, kama kitu cha kawaida kilichoachwa.

Baada ya maziko mke hakulia tena. Alikaa na Chiriku kitandani, kile kitanda kipya, mlango umefungwa, na Mwenyewe alisikia sauti ya mtoto ikieleza jambo, ikieleza kwa muda mrefu. Mlango ulipofunguka, mkewe alikuwa ameshika begi.

"Mtoto ameniambia msumeno ulimuuliza nini," alisema. "Ameniambia alijibu nini. Na mimi nilikuwepo mezani ulipompakulia kaka yangu."

"Nilikuwa namwokoa binti yetu."

"Najua." Uso wake ulikuwa mkavu. "Ungeweza kujitoa wewe. Wewe si unafanya kila kitu mwenyewe?"

Akaondoka na mtoto kwenda kwa wazazi wake.

Wiki zilipita. Jioni moja Mwenyewe alisikia sauti nje, akaruka kutoka kwenye kochi.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, Chiriku amemshika mkono. Mtoto alikuwa amevaa nguo za kutokea, na midomo yake ilikuwa imebanwa kama mtu aliyefundishwa somo akalishika.

"Hodi ya nini?" Mwenyewe alisema. "Ingieni. Hapa ni kwenu."

"Hapana," mkewe alijibu, kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama anasikilizwa na wengi. "Hapa si kwetu. Sisi ni wageni. Tumekuja kuchukua nguo za mtoto, tusimame nje, tuondoke." Akamtazama Chiriku. "Sema."

"Sisi ni wageni," alisema Chiriku.

"Mama Chiriku, tafadhali."

"Utuletee hapahapa."

Alizileta. Mkewe akazipokea bila kugusa vidole vyake, akashukuru kama mtu anavyomshukuru mwenye duka. Wakaenda, hawakugeuka, na barabara ikawameza.

Mwenyewe akabaki mlangoni. Kochi lilikuwa tupu. Jiko lilikuwa baridi. Ndani ya nyumba nzima hakuwepo mwingine wa kuitwa wa nyumbani ila yeye.

Akasikiliza.

Kutoka stoo, taratibu, kama mtu anayeuliza kwa adabu...

Wa?