Kadzama ya Kibarani

Kahonzi alikuwa akikunja jani la mnazi juu ya ufito, ukambaa wa kushonea ameubana menoni, jirani yake Wangu wa dukani alipoingia uani bila hodi.

"Unashona makuti?"

"Unaona napika biriani?"

"Shona, mwenzangu. Wenzako wanalala chini ya mabati yako."

Kahonzi akautoa ukambaa menoni. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Matsangoni, mwaka wa 1984, na paa la chumba chake lilikuwa na tundu la kupita kuku. Mabati ya kulifunika alikuwa ameyanunua na mumewe Gerishom, kidogo kidogo, kwa korosho za misimu miwili. Halafu yakatoweka. "Nimemwazima rafiki," Gerishom alisema, macho kwenye ndara zake. Tangu siku hiyo kila Jumamosi anaoga mara mbili, anapiga shati pasi, anapanda baiskeli kwenda Kilifi.

"Sema ulichokuja kusema, Wangu."

"Mimi si mtu wa maneno."

"Najua. Sema."

"Mume wako ametoka kwa mgema sasa hivi, amefunga kadzama nyuma ya baiskeli. Nikamuuliza, Baba Jefwa, tembo hilo wapi? Akasema, Kibarani, kule Kilifi, kwa Bi Jedida. Mimi ni Mkikuyu, mila zenu sizijui zote. Lakini hata mimi najua kibuyu hicho kikienda nyumbani kwa mwanamke kinaenda kusema nini."

Kibuyu kama hicho, kimejaa tembo la mnazi, ndicho kilichofikishwa kwa baba yake siku Gerishom alipokuja kumposa.

"Umemwona huyo Jedida?"

"Nimesikia tu. Ati maji ya kunde, nywele kasuka, akizungumza ni kama redio."

Kahonzi akaliacha kuti nusu. Akajifunga leso ya pili kiunoni.

"Nitazamie Jefwa."

"Waenda wapi?"

"Harusini. Na nikitoka huko naenda kwa baba. Mtoto nitamtuma kaka aje amchukue."

Baiskeli haishindani na gari. Kahonzi alifika Kibarani mapema, akauliza, akaonyeshwa nyumba ya mwisho yenye mlango wa kijani. Barazani alisimama mwanamke wa kitambaa chekundu, mikono kiunoni. Hata nywele za kusuka hakuziona, kitambaa kilikuwa kimezificha.

"Kumbe ni wewe," akasema, salamu akaimeza.

Yule mwanamke akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe ni wewe! Nimekungoja mlangoni kwako mpaka jua limenichoma."

"Mabati yangu yako wapi?"

"Baiskeli ya mume wangu iko wapi?"

"Mume wako simjui!"

"Wote husema hivyo!"

"Jedida, usinichezee!"

Mikono ya yule mwanamke ikatoka kiunoni. "Jedida? Mimi naitwa Mueni. Mke wa Kioko, mchonga vinyago. Jedida si wewe?"

Wakatazamana. Mueni ndiye aliyecheka kwanza.

"Ulivyojifunga leso, nilidhani mwenye nyumba karudi."

"Basi wamekuwa wawili, mume wangu na wako."

"Wawili tunaowajua. Mimi nimebisha mpaka vidole vimechoka."

"Tumngoje. Wewe utashika nywele, mimi nitashika mdomo."

Wakakaa kwenye ngazi ya baraza kama waliozaliwa nyumba moja. Hawakukaa sana. Baiskeli ililia breki, na Gerishom akashuka, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akakifungua kibuyu, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama Jefwa!"

"Karibu, bwana harusi. Wapambe tuko tayari."

"Sivyo unavyodhani."

"Na hicho ulichoshika?"

"Ni cha meneja."

"Meneja anaitwa Jedida?"

"Jedida ni karani wake. Mama Jefwa, ni mkopo. Kuna kampuni inakopesha wenye biashara ndogo. Nilitaka mashine ya kusaga. Kila wiki waenda mbali hivyo, mahindi kichwani, mtoto mgongoni. Nilitaka uamke siku moja uisikie inanguruma pale kwetu."

"Mabati?"

"Walitaka ada kwanza. Nikauza mabati. Kisha wakataka bima. Kisha stempu. Wiki jana Bi Jedida akasema leo fedha zinatoka, ila meneja ni mzee wa Kigiriama, nisije mikono mitupu."

"Mbona hukuniambia?"

"Alisema mkopo ukitajwa nyumbani kabla haujatoka, faili linafungwa. Ati wake huvunja mikopo kwa midomo."

Mueni akaguna. "Mume wangu aliniambia baiskeli imeibwa, kumbe watu wameiona hapa. Usiku anaweweseka, bima, bima. Nikadhani Bima ni mtoto wa mtu."

Gerishom hakucheka. Alipanda baraza, akabisha. "Hodi! Bi Jedida! Ni Gerishom!"

Kimya.

"Sukuma hilo dirisha," Mueni akasema.

Dirisha likafunguka. Ndani palikuwa na benchi moja na kalenda ukutani. Meza hakuna, faili hakuna, meneja hakuna. Gerishom akatazama kwa muda mrefu. Kisha, baada ya kuona yote hayo, akarudi mlangoni, akabisha tena, polepole, kwa adabu.

Kahonzi alikuja na hasira ya kutosha wanawake watatu, na sasa hapakuwa na nywele za kushika. Lakini wivu ulikuwa palepale.

"Gerishom," akaita. Hakusema Baba Jefwa. "Ungeoa, ningejua pa kukushika. Huyu hukumpa mwili. Ulimpa ndoto. Jedida ameijua mashine yangu kabla yangu."

"Nisamehe."

"Nina nauli ya kwenda kwa baba."

"Ukienda nitakufuata na hiki kibuyu. Sina kingine."

Kahonzi akakitazama kibuyu, kisha hiyo mikono iliyokishika.

"Kadzama iliyotoka kwa posa hairudi bila posa," akasema. "Niombe."

"Hapa?"

"Mbele ya Mueni. Ndiye shahidi."

Gerishom akapiga goti barazani mwa watu. "Kahonzi, nakuomba. Nyumba haina mabati."

"Na ndoto zako utaniambia mimi kwanza?"

"Hata za kipumbavu?"

"Hasa hizo."

Akapokea kibuyu, akaonja kwanza yeye, kama alivyoonja mbele ya baba yake siku alipoikubali posa, kisha akampa mumewe. Mueni akapiga kigelegele peke yake. Wakaagana kukutana Jumatatu, wao na Kioko, waende polisi pamoja.

Alasiri walikuwa uani kwao, Gerishom akikunja, Kahonzi akishona, Jefwa amelala juu ya mkeka.

"Alikuwa mzuri?"

"Nani?"

"Unamjua."

Gerishom akafikiri zaidi kuliko ilivyohitajika. "Sauti tu."

Kahonzi akavuta ukambaa mpaka jani likapasuka.

"Umeliharibu," mumewe akasema.

"Acha. Nitalishona kesho. Na wewe kesho utapanda juu uzibe tundu, hata kama ni kwa makuti haya haya."

Akaliweka kuti la nusu juu ya mengine, akajilaza ubavuni mwa mtoto.