Aya Aliyoifuta Binti wa Mwalimu Wino

Siku hizo nyumbani kwa Mwalimu Wino watu wawili walikula kimya. Kiti cha tatu kilikuwa bado mezani. Mama wa nyumba alifariki miezi saba iliyopita, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa.

"Insha umemaliza?" baba aliuliza.

"Nimemaliza, baba."

"Mistari mingapi?"

"Minne."

Binti huyu alikuwa pia mwanafunzi wake, darasa la saba. Zamani alijaza kurasa. Sasa insha zake zilizidi kufupika, na maneno yake ya nyumbani vilevile. Mwalimu aliogopa. Mke amekwenda, na sasa alimwona mtoto naye anaondoka huku ameketi mbele yake.

Jina la Wino alipewa na wanafunzi kwa sababu ya kalamu yake nyekundu. Shule ilipopata kompyuta kumi na mbili, wenzake walidhani atabadilika. Wapi! Aliwaambia wanafunzi wachape insha, akazichapisha kwenye karatasi, akazichorachora nyekundu kama kawaida. Muhula haukufika katikati, karatasi za shule zikaisha.

Jumamosi moja walimu waliitwa kwenye semina katika chumba cha kompyuta. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, aliyefundisha darasa la saba miaka mingi.

"Mwalimu, wewe unaisahihisha insha ikiwa imeshakufa," alimwambia Wino alipoziona karatasi zake nyekundu.

Neno hilo lilimchoma.

"Kompyuta hizi zimeunganishwa. Ingia kwenye faili wakati mwanafunzi bado anaandika," mama yule aliendelea. "Muulize swali pembeni mwa insha. Ajibu, aongeze, abadilishe. Na ukibonyeza hapa unarudi nyuma. Utaona alichoandika mwanzo na alichofuta. Haya, kila mmoja afungue faili la mwanafunzi wake ajaribu."

Mwalimu Wino alifungua la binti yake. "Asubuhi Nyumbani Kwetu." Mistari minne: kuamka, kupiga mswaki, chai, shule. Akabonyeza kurudi nyuma. Ukajitokeza ukurasa mzima.

"Mama alikuwa akinisuka huku akiimba. Wimbo wenyewe hakuufikisha mwisho hata siku moja. Sasa najisuka mwenyewe. Baba anaona nywele zimekaa upande, lakini hasemi. Natamani aseme."

Yote yalikuwa yamefutwa.

Mwalimu alijua kwa nini. Miezi mitano nyuma mtoto alimtaja mama yake katika insha, naye akapiga mstari mwekundu na kuandika: "Nje ya mada." Haikuwa nje ya mada. Yeye ndiye aliyeshindwa kuisoma.

"Kuna nini, mwalimu?" mkufunzi aliuliza.

"Huyu ni mwanangu." Akamgeuzia skrini. "Nimwandikie nini?"

Mama yule akavuta kiti, akaketi.

"Usimsahihishe. Muulize kitu unachotaka kweli kukijua. Lakini kwanza mwambie kwamba umeona. Na wanafunzi wote waambiwe mapema kwamba mwalimu anaweza kuona walichofuta. Bila hivyo tunawachungulia tu."

Jioni, kabla ya chakula, baba alimwambia binti yake, "Mwanangu, leo nimesoma ulichofuta. Sikukuomba ruhusa. Nisamehe."

Binti aliinamisha uso. "Utasema nje ya mada?"

"Hapana. Ile mara ya kwanza nilikosea. Iliniuma, nikaipiga mstari."

Binti akapakua chakula. Walikula kimya kama jana.

Jumatatu mwalimu aliliambia darasa zima ukweli kuhusu mafaili yao. Kisha akaanza kuuliza maswali pembeni mwa insha, moja au mawili tu kwa kila mwanafunzi. Wiki ya pili hata wavivu wa nyuma walikuwa wanaongeza aya. Kalamu nyekundu ilibaki kwenye droo.

Binti yake aliirudisha aya ile. Pembeni mwalimu aliuliza, "Ulikuwa wimbo gani?"

 Siku ya nne, katika chumba cha kompyuta, aliyakuta maneno ya wimbo mwishoni mwa insha, mpaka pale mama alipozoea kuishia. Chini yake mtoto aliandika, "Mwisho siujui. Wewe unaujua, baba?"

Aliujua. Mkewe alimwimbia wote zamani, kabla mtoto hajazaliwa.

Kwenye kompyuta ya tatu, binti aliona herufi zikitokea chini ya maneno yake, moja moja, kwa kusitasita. Mbele ya darasa baba yake alikuwa akichapa kwa kidole kimoja, macho yamejaa machozi. Binti akaweka mikono mapajani, akamsubiri amalize.