Jina Lililofichwa

Hebu fikiria chumba chenye joto huko Duluth, kaskazini mwa Marekani, asubuhi ya Januari, ziwa limeganda nje ya dirisha. Mwanamke aitwaye Corinne Lahti ameketi mbele ya kompyuta. Kazi yake inataka subira. Anapitia kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, sehemu za zamani zilizoandikwa kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine, na kila kipande cha programu chenye jina anakiwekea alama mbili: hapa kinaanza, hapa kinaishia. Siku mfumo ukianguka, alama hizo ndizo husaidia kujua ni kipande gani kilichokuwa kazini.

Kipande kimoja kiliitwa hildur_amka. Jumatatu Corinne alikiwekea alama, akakipima: baiti sitini na nne. Jumanne zilikuwa themanini. Hakuna aliyekigusa.

“Bosi, hiki kipande kinakua,” alimwambia Wendell Brask, mkuu wake.

“Umekilisha donati?” Brask alicheka, kisha akaliona jina. “Hilo lifiche. Liwekee alama ya ndani, lisionekane kwenye orodha.”

“Lakini Hildur Maki ndiye aliyekiandika.”

“Hildur yuko kaburini, mama. Wewe ndiye unayehitaji kazi.”

Corinne alijua. Hildur aliviandika vipande vile vyote. Brask akavipeleka kwa wakubwa kama vyake, akapanda cheo, akamfukuza. Mwezi huohuo Hildur alitolewa chini ya barafu ya ziwa, skafu yake ya sufu ingali shingoni. Corinne alinyamaza wakati ule. Sasa akanyamaza tena, akalificha jina.

Jumatano chumba kilinuka sufu iliyolowa, na iliki, ile iliki ya mikate aliyozoea kuileta Hildur. Hakuna aliyekuwa ameleta mkate. Vibonye vya kompyuta ya Brask vilikuwa vimelowa maji, na kile kipande kilikuwa kimemeza majirani zake wawili.

“Bosi, tulirudishe jina lake,” Corinne alinong'ona.

“Acha ujinga. Sogea.”

Brask akaketi mwenyewe, akakibadili kipande jina kuwa brask_amka, akaweka alama ya mwanzo. Alama ya mwisho ilikataa. Kila alipoiandika ilifutika, herufi moja moja, kama inayopanguswa kwa kidole chenye maji.

“Nani anafuta? Hiki nilikiandika mimi,” akasema, “nilikiandika mimi, mimi na,” na maneno yakakataa kufika mwisho, yakamtoka saa nne asubuhi, yakaendelea kumtoka hadi saa tano, akataja kila mstari alioiba na siku aliyouiba na uongo aliousema kwa wakubwa, macho yakimwomba Corinne msaada huku ulimi ukienda peke yake, midomo ikipasuka, hadi maji baridi yakaanza kumtoka kinywani pamoja na maneno, maji yenye vipande vya barafu, yakatiririka kifuani na mezani, na bado akasema mimi, mimi na, mimi na...

“Hildur, dada yangu,” Corinne alisema, “nisamehe. Nilijua.”

Akalirudisha jina, wazi, kila mtu alione. Akaweka mwanzo. Akaweka mwisho. Mwisho ukakaa. Baiti sitini na nne.

Brask akanyamaza katikati ya neno. Tangu siku ile hajatamka lingine.

Corinne akashusha pumzi, akatazama kioo cha kompyuta. Chini ya kipande cha Hildur palikuwa na kipande kipya ambacho hakuna mtu aliyekiandika: corinne_alijua. Kilikuwa na alama ya mwanzo peke yake.

Akainuka mbio, akapanda kwa wakubwa, akawaeleza yote. Jina la Hildur likawekwa mbele ya kazi yake. Hata hivyo, kila mfanyakazi mpya anayeingia Corinne humketisha, humsimulia, kisha hugeukia kioo kutafuta alama ya mwisho ya kipande chenye jina lake. Bado haijawekwa.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, taratibu tu, umsaidie Corinne kukumbusha wengine jambo moja: aliyekiandika kile kipande ni Hildur Maki.