Chai ya Bi Etelvina

Wa kwanza kumwambia Noelia habari za nyumba ile alikuwa Zulma, muuza mikate wa pale chini. Alimwambia huku akimfungia biskuti, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja mvua.

“Ndiwe uliyepanga pale juu, kwa Bi Etelvina?”

“Ndiyo, dada.”

“Yule bibi alifia mezani, kibuyu mkononi. Alikuwa akimkaribisha chai kila apitaye, hata msoma mita. Hakuna aliyepanda ngazi. Lakini usiogope wafu, jirani. Wenye kukimbia ni walio hai.”

Noelia alicheka kidogo. Baba wa mtoto wake alikuwa mmoja wa hao waliokimbia.

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na jiko lenye dirisha, katika mtaa wa Palermo, Montevideo. Kazini, kwa mlezi wa mtoto, duka la dawa, ufukweni, kote alikwenda kwa miguu. Barabara ilijaa watu tangu asubuhi. Hakuna aliyemjua jina.

Jumapili moja alasiri, mwanawe Ciro wa miezi minne akiwa amelala, alijitengenezea chai ya yerba, majani machungu ya kwao. Chai ile ni ya wenzi. Mmoja humimina maji ya moto kibuyuni, mwingine huvuta kwa mrija na kukirudisha, na kibuyu huendelea kumjia mpaka mnywaji mwenyewe aseme asante, yaani imetosha. Noelia alikunywa peke yake, akaacha kibuyu kitupu mezani, akaenda kuanua nepi.

Aliporudi, kilikuwa kimejaa. Kinatoa mvuke.

Alichungulia chumbani: Ciro alikuwa bado amelala. Kisha akaketi, akanywa. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo kuliko upweke. Ni lini mara ya mwisho mtu kumwekea kitu mezani?

Ikawa desturi. Kila alasiri alisimulia ya kazini, akaweka kibuyu chini, akageuka pembeni kwa adabu. Kibuyu kikajaa. Asante hakuisema hata mara moja. Aiseme, halafu abaki na kuta?

Siku moja alitoka bafuni akakuta kitanda cha mtoto kitupu.

Ciro alikuwa jikoni, kwenye kiti cha upande wa pili. Ameketi wima. Mtoto ambaye hajajua kukaa. Fulana yake ilikuwa imejikunja kiunoni, kama iliyoshikwa na vidole. Mrija ulikuwa mdomoni mwake.

Alikuwa ananyonya.

Noelia alimrukia. Alimnyakua. Kiti kikasogea nyuma, taratibu, kama cha mtu anayeinuka.

“Asante, bibi,” alinong’ona. “Asante. Nimetosheka.”

Mvuke ukakatika. Jiko likawa jiko tu. Noelia alilia kwa hofu, na pia, Mungu amsamehe, kwa kuachwa tena. Akalala na mtoto kifuani, komeo mlangoni.

Asubuhi alimpa ziwa. Ciro akageuza uso. Tumbo lake lilikuwa gumu, limejaa. Kwenye mdomo wa chini palikuwa na alama ya duara, nyekundu, mbichi, ukubwa wa ncha ya mrija. Pumzi yake ilinukia yerba.

Hapo ndipo Noelia alipoelewa. Asante aliyoisema jana ilikuwa ya kwake mwenyewe. Mtu hamsemei mwenziwe asante; Ciro bado alikuwa anakaribishwa.

Alimbeba, akashuka ngazi bila viatu, akaketi kwenye kizingiti cha duka la Zulma, ambalo lilikuwa bado limefungwa. Wapita njia wakawa wanamkwepa. Akamshika mtoto uso kwa uso.

“Sema asante, mwanangu,” alimwambia. “Sema. Asante. Mfuatishe mama. Asante.”

Ciro alimtazama. Midomo yake ilikuwa ikifumba na kufumbuka, polepole, ikivuta hewa.